Kiasi

Barke ana miaka minane, anataka hesabu.
Amepanda jikoni na daftari la miraba,
penseli sikioni kama fundi seremala.
"Mama, chumvi vijiko vingapi?"
Namjibu nilivyojibiwa:
"Tia kiasi."

Anaandika: kiasi.
Anangoja. "Kiasi gani?"
Nakunja kiganja, namimina chumvi
mpaka inagusa mstari wa pili.
"Hiki."
Anatoa rula, anaupima mkono wangu.

Lali ana mitano, hesabu haimhusu.
Ameketi juu ya mbuzi kama anakwenda naye Shela,
analia kama punda, anakuna nazi:
nyingine bakulini, nyingine nyweleni,
nyingine paka wa Bi Zuhura keshaionja.
Namwambia, usiukwaruze ule weusi wa kifuu,
ukisikia sauti imebadilika, geuza.
Ananyamaza. Anaisikiliza nazi.
Sijapata kumwona kimya hivi
ila siku za homa.

Mimi sikufundishwa hivi.
Katika jiko hili hili la juu,
vidato thelathini na kimoja kutoka kichochoro cha Langoni,
nilisimama nyuma ya mgongo wa mama
na kazi yangu ilikuwa kuona.
Wali ukishika chini: "Huna mato?"
Tui likikatika: "Huna mato?"
Mwiko una maana mbili,
nami nilizijua zote mbili kwa mgongo wa mkono.
Sisemi hakunipenda.
Finyango la kwanza lilikuwa langu,
na ukoko alinibandulia kabla ya kaka zangu.
Lakini kila kipimo nilicho nacho
kina kofi ndani yake,
na hata leo, nikipika peke yangu,
tui likianza kupanda
mkono hujivuta wenyewe.

Basi nachuja.
Tui zito huku, tui jepesi kule, chicha kando.
Watoto hawa nawapa tui,
kofi libaki kifumbuni.

Si rahisi.
Lali amekwenda kumwonyesha paka
bakuli la tui zito, na limekwenda lote,
mkekani, chini ya kabati,
ndani ya kiatu kimoja cha baba yao.
Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijajua.
Tukautazama, sote watatu.
Ukakaa pale kidogo, kama mgeni aliyekosea mlango,
kisha ukashuka, ukachukua kitambaa.

Tumekuna nazi nyingine.
Barke anakoroga, mimi namwelekeza:
"Upande mmoja tu, usirudi nyuma."
"Kwa nini?"
"Litakatika."
"Kwa nini?"
Sijui. Ni miaka thelathini nakoroga upande mmoja.
Akanitazama, akatazama sufuria,
akaugeuza mwiko.
Tukangoja.
Tui likachemka taratibu, jeupe, zima,
halina habari na sisi.
Akaandika kitu daftarini, bila kuniangalia.

Makaa ya juu ya kifuniko nimepalia mwenyewe.
Moto bado ni wangu, hilo sina mjadala.
Lali akasimama mbali, mikono nyuma,
akiuambia wali uive.

Umetoka na bonge katikati,
chumvi haikufika,
na chini umeshika kweli.
Famau amerudi kutoka karakana, amekula sahani mbili,
amekwangua ukoko hadi sufuria ikapiga kelele,
hakuuliza kwa nini kiatu chake kinanukia sikukuu.

Wamelala sasa. Daftari limesahauliwa juu ya uteo,
limeota alama ya kidole chenye mafuta.
Nalifungua karibu na taa.

Chumvi: kiasi (mkono wa Mama, sentimita sita. Ongeza).
Nazi: mwulize Lali, yeye anaisikia.
Tui: upande wowote.
Likimwagika: kitambaa.